Ukurasa wa Kwanza Tu

Ukurasa wa kwanza ulifunguka, na hapo ndipo mambo yalipoishia.

Faiz akabonyeza tena. Kompyuta yake ilikuwa na toleo kongwe la programu ya kuandikia noti za muziki, toleo bahili: lilionyesha ukurasa wa kwanza wa faili, kisha likadai lisasishwe. Juu ya ukurasa palikuwa na jina la mtunzi, Thuwein, baba yake, aliyezikwa wiki saba zilizopita.

Alhamisi kikundi cha taarabu kilikuwa na hafla ya kumkumbuka. Wote walijua kuna wimbo wa mwisho, mzee aliutaja hadi hospitali. Kama haukukamilika, angepewa Luay, mtunzi mwingine wa kikundi, aumalizie, na jina la Luay lingekaa kando ya la baba. Hilo lilimuuma Faiz, mpiga fidla wao, kuliko mazishi. Kwenye mazishi hakusikia kitu. Moyo ulikufa ganzi, na ganzi haijatoka.

Mama yake, Khairunisa, alikuwa edani, akikaa ndani kumwomboleza mumewe, katika nyumba yao ya Bur Dubai. Makubadhi ya marehemu, viatu vyake vya ngozi, yalikuwa bado mlangoni, hakuna aliyethubutu kuyaondoa. Kutwa mama huyo alikaa mbele ya kompyuta ya mumewe, miwani puani, kidole kikigonga meza polepole, kama anayehesabu mapigo. Ndugu walimwacha. Mfiwa hasemeshwi sana.

Mchana ule alimruhusu Faiz anakili faili, kwa sharti moja.

“Usisasishe, mwanangu. Ukiirudisha ikiwa imehifadhiwa kwa toleo jipya, hili la zamani la hapa haliifungui tena.”

Faiz akadhani mama kayasikia hayo kwa mumewe. Akamuuliza, je, kama wimbo haukwisha?

“Usimpe mtu. Hautakosa mwisho.”

Maneno ya msiba, alijisemea Faiz, akaaga.

Sasa, chumbani kwake Al Barsha, alikitazama kitufe cha kusasisha. Asiposasisha, wimbo ni wa Luay. Akasasisha.

Toleo jipya lilimwonyesha kurasa zote, moja baada ya nyingine. Noti zilijaa hadi mwisho. Wimbo ulikuwa mzima. Faiz akashusha pumzi, kisha akayasoma mashairi yaliyopangwa chini ya noti za ukurasa wa mwisho:

Arubaini ’metimu, makubadhi yangalipo,
Bado nashika kalamu, na jina lako li papo.