Trela Tupu la Kila Ijumaa

Trela lilikuwa tupu tena. Halikuwa na gunia wala ubao, wala hata jani lililoangukia humo njiani. Mwanamke alishuka garini, akatia mikono yote miwili katika mifuko ya koti, akasema maneno yale yale.

"Fungua, fundi, halafu ufunge upya. Taratibu."

Hii ilikuwa Ijumaa ya nane. Fundi, ambaye karakana yake ilikuwa ya mwisho kabla barabara kuu haijaanza kupanda mlima, alikuwa amenyoa ndevu na kufua ovaroli. Juu ya meza ya vifaa, kando ya kikombe chake chenye ufa, palikuwa na kikombe kipya ambacho hakijanywewa na mtu.

Alikuwa mpweke, tusimfichie aibu. Watoto walikuwa mbali na shughuli zao, mkewe alikwisha kuolewa kwingine, na wateja walikuja na haraka zao wakaondoka nazo. Zilikuwepo siku ambazo hakusema na kiumbe yeyote isipokuwa jeki, na jeki haijibu.

Upweke ule ulikuwa umemlegeza hadi mikono. Bakuli la trela huketi juu ya kichwa cha chuma cha mviringo nyuma ya gari. Komeo hushuka, pini hupita kwenye komeo, na klipu ndogo, haizidi kidole, huizuia pini isichomoke. Wateja wengi hawaijui hiyo klipu. Basi fundi, siku akiwa hana moyo au foleni ikiwa ndefu, aliiacha mfukoni akajiambia safari si ndefu. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja.

Kisha akaja mwanamke huyu, na hakutazama simu wala barabara. Alitazama mikono ya fundi.

Mtu akitazamwa hujitengeneza. Fundi akaanza kufuta grisi ya zamani yote kabla ya kupaka mpya. Akawa anainua trela kwa jeki baada ya kulifunga, ahakikishe bakuli limeshika kweli. Akawa anapishanisha minyororo chini ya mkono wa trela na kujaribu taa moja moja, kulia, kushoto, breki. Mwisho pini, na juu ya pini klipu, ambayo kwanza aliishika juu aione, kama bwana harusi na pete.

Mwanamke hakuwa mgeni wa mambo hayo. Siku moja, akiwa hatua tatu nyuma, alisema, "Grisi hiyo imeingia mchanga, fundi," na kweli ilikuwa imeingia. Ila hakugusa chuma hata kwa ncha ya kidole. Fundi alidhani anaogopa kuchafuka.

"Kaka," dada yake alimcheka kwenye simu, "trela tupu, wiki saba? Hilo trela halina ugonjwa. Mgonjwa ni mwenyewe, na dawa ni wewe. Sema naye kabla hajapata fundi mwingine!"

Kwa hiyo Ijumaa hii fundi aliifanya kazi kama hajawahi kuifanya. Mwanamke alimfuata hatua kwa hatua, hadi klipu ilipoingia mahali pake ikalia ta!

"Hii huwa unaiweka kila mara?" aliuliza.

"Kila mara, dada." Wiki ya tatu alikuwa amehama kutoka "mama" hadi "dada", na hakuna aliyemrudisha.

"Hata siku ya foleni?"

"Hata siku ya foleni."

"Hata kwa mteja asiye na maneno, aliyepita mara moja tu na haraka zake?"

Fundi alitoa kifua mbele. Nani hajisifu kidogo mbele ya anayempenda? "Miaka ishirini na moja, dada, sijaruka hata moja. Kwangu mtu hatoki bila klipu."

Mwanamke aliketi kwenye ukingo wa trela. Midomo ilimtetemeka, na fundi akaona saa yake imefika. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

"Ijumaa ijayo usilete trela," fundi alisema. "Njoo wewe tu. Tutakunywa chai, tuzungumze. Mimi nimechoka kukaa peke yangu."

Mwanamke alimtazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Kisha akatoa mikono mifukoni, kwa mara ya kwanza, akaitazama yeye mwenyewe, huku na huku.

"Mwezi wa pili mume wangu alifungiwa trela hapa," alisema. "Si hili. Lile liliishia bondeni pamoja naye. Wewe ulilifunga jioni, na asubuhi nikalifungua mimi nipake grisi, nikalifunga tena. Kazi hiyo siku zote ilikuwa yangu. Pini ikachomoka kwenye mteremko. Klipu haikuonekana popote, na mimi kila nikikumbuka asubuhi ile, sikumbuki kama niliikuta."

Lori lilipita likipanda mlima. Alingoja kelele ziishe.

"Mara nane nimekuja hapa nikiomba uisahau. Mara moja tu, fundi. Hukuisahau. Basi aliyemuua ni mimi."

Fundi aliketi kando yake kwenye ukingo wa trela, karibu kuliko siku zote.

"Pole sana, dada," alisema.