Bunduki ya Meno Sita

Athol Pringle aliilamba bunduki. Alianzia kwenye kitako, akapanda taratibu kuelekea kwenye kifyatulio, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa mkwe. Halafu akaguna.

Wazee ukumbini mwa klabu wakatikisa vichwa. Huko milimani nyuma ya Sydney, Athol akiguna, bunduki imekufa. Yeye ndiye aliyekuwa jicho la chama cha wakusanyaji wa bunduki za kale, na ulimi wake pia. Watu waliapa kwamba angeweza kukutajia mwaka bunduki ilipotengenezwa kwa kuinusa tu, na kama hana mafua, hata siku ya wiki.

Iliyolala mezani siku hiyo ilikuwa ya Dulcie Tranter. Babu yake alikwenda nayo kwenye vita vya kwanza vya dunia, akarudi nayo kwa njia ambayo familia haikupenda kuizungumzia. Kwa miaka hamsini ilikaa kwenye banda la kukamulia ng'ombe, kazi yake kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Neville, mume wa Dulcie, fundi mstaafu wa reli, aliishughulikia miaka miwili: akaitoa kutu kidogo kidogo, akaisugua mbao yake mafuta ya kitani kwa kiganja, akatafuta skrubu za enzi zile moja moja. Dulcie alimwachia kazi kwa sharti moja, kwamba mchwa wasiiguse. Mchwa walishamtia hasara: mwaka ule mwana wao Rodney alipoanza kutembea walikila kitanda chake cha utotoni, cha mbao ngumu, alichochonga baba yake Dulcie kwa mkono. Neville aliahidi huku akitazama pembeni.

Makumbusho ya mjini yalikuwa yameomba bunduki moja, moja tu, ya kuonyeshwa siku ya kuwakumbuka mashujaa. Dulcie alitaka iwe ya babu yake. Babu hakuacha picha wala nishani; bila bunduki hiyo, jina lake lisingeandikwa popote.

Lakini kwanza ilibidi iishinde ile ya kwenye kabati la kioo.

Hiyo iliitwa Bunduki ya Meno Sita, nayo ndiyo iliyompa Athol jina. Aliigundua mwenyewe kwenye stoo ya klabu, nyuma ya ngoma kubwa ya bendi na nguo za maigizo, wakati ambapo funguo za stoo alikuwa nazo Neville. Kwenye ukingo wa kitako ilikuwa na alama za meno, manne juu, mawili chini. Athol alieleza kwamba askari mmoja aliing'ata huko vitani Galipoli alipokuwa akitolewa chuma pajani bila ganzi. Na kwa nini meno sita tu? Athol alikuwa na jibu: mengine yalikwenda na biskuti za jeshi, ngumu kama vigae. Hapo wazee walivua kofia. Kwa heshima ya marehemu, upande wenye meno uligeuziwa ukuta.

Sasa Athol alifungua macho, akatoa hukumu. Mbao ya bunduki hii haifanani na ya kabatini. Chapa zake zimezama mno. Nambari zinalingana vizuri kupita kiasi. Njia ya mwongo ni fupi, alisema, na akamtazama Neville, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. Athol akamwonea huruma. Fundi hodari, mke mkali, babu aliyesahauliwa. Mtu akibanwa hivyo hujichongea bunduki.

"Neville, mwenzangu," alimwambia kwa upole, "hii umeitengeneza wewe."

"Hii?" Neville akashtuka. "Wallahi, hii siyo."

Dulcie alitaka kujua bunduki ya babu yake imelinganishwa na nini. Na ya kweli, akaambiwa. Basi hiyo ya kweli iletwe mezani aione, akasema, maana siku zote za mikutano yeye huwa kwenye mchezo wa matufe na hajawahi hata kuisogelea.

Neville akakohoa. Alisema haina haja. Alisema jicho la Athol linatosha, bawaba za kabati ni mbovu, vumbi litawadhuru wazee, na yeye binafsi amekubali kushindwa, tena kwa moyo mkunjufu. Athol alikuwa hajawahi kuona mtu anayebembeleza kushindwa namna ile.

"Kaa chini," Dulcie akamwambia.

Athol alivaa glavu nyeupe. Akafungua kabati, akaitoa bunduki kama mtu anayepakata kichanga, akailaza kando ya ile nyingine na kuigeuza. Kisha akasimulia: Galipoli, paja, biskuti. Sauti ilimtetemeka palepale inapotetemeka siku zote. Manne juu, mawili chini. Kofia zikavuliwa.

Dulcie akavaa miwani yake, akainama. Aligusa alama ya kwanza kwa ncha ya kidole, akaenda ya pili, ya tatu, polepole, mpaka ya sita. Akarudi tena mwanzo. Athol aliona midomo yake inacheza, akajua hadithi imempata. Akampa leso.

"Rodney," Dulcie akasema.

Athol akamweleza kwa unyenyekevu kwamba jina la askari huyo, kwa bahati mbaya, halijulikani.

Dulcie aligeuka kumtafuta mumewe, ambaye mkono wake tayari ulikuwa kwenye kitasa cha mlango.

"Neville," akamwuliza, "hawa ndio wale mchwa?"