Redio ya Cheptoo Ndani ya Ndege

Ndege ilikuwa inakaribia Nairobi, na Cheptoo ameishikilia redio yake ndogo sikioni, mhudumu alipokuja kumsimamia.

"Zima hiyo, dada. Inasumbua mitambo ya rubani."

"Bado kidogo tu," Cheptoo alinong'ona. Habari za saa saba mchana zilikuwa karibu kuanza, na alitaka kusikia kama watalitaja jina lake.

Mzee aliyeketi kando yake akacheka. "Kwani wewe ni nani, utajwe redioni? Waziri?"

Tangu akate utepe wa mwisho wa mbio kule ng'ambo, wengine ndio waliokuwa wakimsemea, yeye akiangalia viatu vyake tu. Sasa aliinua uso.

"Mimi ndiye niliyeshinda zile mbio," akasema, na sauti yake ikafika viti vya mbele.

Mzee akageuka kumtazama. Mhudumu akabaki ameinyooshea redio mkono, akisahau alichokuja kufanya.

Cheptoo akaizima redio mwenyewe. Alijua kwao Kapsoit baba ameanika betri juani tangu asubuhi ili zipate nguvu tena, na wachuma chai wa jirani wameweka vikapu chini, wameizunguka redio ya baba. Huko hakuna wa kuwaambia wazime.

Akatoa betri zake zilizochoka, akazipanga kwenye ukingo wa dirisha la ndege, pale jua lilipoingia.

"Hizi ni za habari za jioni, mzee," akasema.