Dawa ya Dorice

Siku Dorice alipomkuta mama mkwe wake akirukaruka peke yake jikoni, alidhani amekanyaga kaa la moto. Wapi. Bibi Mariana alikuwa anazungusha kiuno kwa wimbo wa redioni, mwiko mkononi, na hata alipogundua anatazamwa hakuona aibu.

"Njoo mwanangu, unyooshe viungo!"

Dorice akarudi kitandani. Viungo vyake havikutaka kunyooshwa. Tangu mvua zikatike sonona ilikuwa imemlalia, na ile cherehani aliyoshonea sare za nusu ya watoto wa Kasokola sasa ilikuwa na kuku anayetagia kwenye droo.

Ugonjwa wake ulikuwa na pande mbili, kupanda na kushuka, na mji mzima wa Mpanda uliukumbuka ule upande wa kupanda. Mwaka juzi alikwea trekta la mtu pale sokoni akatangaza kugombea udiwani. Haukuwa mwaka wa uchaguzi. Kusema kweli hotuba ilikuwa nzuri, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba wangempa kura. Hospitali ikampa kidonge cheupe cha kumzuia asipande tena. Baadaye, aliposhuka mno, wakamwongezea kapsuli ya rangi mbili ya kumwinua taratibu. Kidonge alikimeza mwenyewe. Kapsuli ilimkwama kooni, kwa hiyo ikawa inafunguliwa na kukorogwa kwenye uji wa asubuhi. Kazi hiyo ilimwangukia Bibi Mariana, maana Japhet, mume wa Dorice, alikuwa machimboni akifukuzana na dhahabu iliyokuwa ikimkwepa.

Mwanzoni Dorice alipata nafuu kidogo. Halafu akarudi chini, tena chini zaidi. Daktari Mikidadi wa kliniki ya afya ya akili akamwambia kwamba akifika kliniki ijayo bila nafuu, watabadilisha dawa. Hapohapo akamtahadharisha: hiyo mpya ni kali, na kwa mtu wa ugonjwa wake inaweza kumrusha juu kupita kiasi.

Dorice akaliona trekta. Aliogopa kupanda, akachekwa tena na wauza dagaa. Aliogopa zaidi kubaki chini, kwa sababu huko chini hakuwa na hamu ya kitu chochote, hata ya mumewe kurudi. Usiku na mchana akawa analipima jambo hilo hilo moja.

Aliyekuwa ananawiri nyumba ile ni Bibi Mariana. Tangu afiwe na mumewe alikuwa amenuna kiasi kwamba mbwa wa jirani walipita mbali. Sasa alilala fofofo mpaka jua linachomoza. Alijiunga na kwaya. Alipatana na Mama Imakulata, ambaye waligombania naye mpaka wa shamba huko Mwese mpaka wakasahau shamba lenyewe lilikuwa la nani. Mtaa ukafanya uchunguzi wake na kutoa majibu: ni mzee Leodgar, yule mgane muuza mbegu.

Na kweli Leodgar alikuja, kavaa koti kwenye jua lote lile. Bibi Mariana akamletea togwa, akapiga funda yeye kwanza, kama walivyofanya wapika pombe wote wa Mwese enzi zake.

"Natoa uchawi," alisema, ndipo akamkabidhi mgeni kikombe.

Leodgar akanywa huku macho yake yako kwenye miguu ya mwenyeji. Dorice, amejikunyata kwenye mkeka, alimeza wivu. Bibi mwenye wajukuu anapendeza namna hii, na yeye kijana hata kuoga ni safari! Na uji wenyewe anaoletewa siku hizi haufiki nusu ya kikombe. Kumbe mapenzi yanaongeza ubahili, aliwaza, lakini hakuwa na nguvu ya kulalamika, wala njaa hakuwa nayo.

Siku ya kliniki waliondoka alfajiri bila uji, wote wawili kwenye bodaboda moja, Bibi Mariana katikati akiimba sauti ya pili.

"Hali ni ileile, daktari," Dorice alisema. "Nibadilishie. Nikipanda trekta, mtanishusha."

Daktari Mikidadi akamgeukia Bibi Mariana. "Mama, wewe ndiye unakaa naye. Unaonaje?"

"Dawa hii ni nzuri sana. Msiiguse."

Dorice alimtazama, machozi yakimlengalenga. Huyu ndiye aliyemwona kitandani siku zote hizo?

"Mama, jamani, hunionei hata huruma?"

"Nakuonea sana, mwanangu. Ndiyo maana sijawahi kukupa dawa ya watu hivihivi, bila kuhakikisha ni salama."

Daktari aliyekuwa ameshaanza kuandika akaweka kalamu chini. Akatafuta kikombe, akakijaza maji, akakisogeza mezani.

"Ya leo bado hajanywa, eti? Hebu mpe hapahapa, nione mnavyofanya."

Bibi Mariana hakusita. Akaichomoa kapsuli kwenye mkoba, akaifungua, akamwaga unga wake kwenye maji na kukoroga kwa kidole. "Natoa uchawi," akasema, akapiga funda. Akapiga la pili. La tatu likaenda na kikombe mpaka kitako chake kikatazama dari, ndipo akamkabidhi mkwewe kilichobaki, akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge.

"Na hiyo mpya, daktari," akauliza, "nayo inaleta usingizi mtamu hivi?"