Kwaheri ya Kiguu na Njia

Jumamosi saa nane mchana, Mwenyekiti alibandika tangazo la msiba. Marehemu alikuwa Kiguu na Njia, jukwaa la mtandaoni la wapenda safari, lenye umri wa miaka kumi na tisa. "Mitambo imechoka," aliandika. "Jumatatu alfajiri tunafunga. Mwenye neno la mwisho aliseme."

Uongo mtupu. Mitambo ilikuwa na afya tele. Aliyechoka ni Mwenyekiti, na aliyemchosha ni Sabuni.

Hakuna aliyeijua sura ya Sabuni. Picha zake zote zilikuwa za vijisabuni vya hotelini, vikavu na vilivyolowa, kila kimoja kimepewa alama. Ukiuliza basi la uwanja wa ndege linapita wapi, Sabuni anakujibu kwa picha ya povu. Mwenyekiti alimwonya mara arobaini. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Kumfukuza hakuweza, kwa sababu sheria namba tano, aliyoitunga mwenyewe, ilisema aliyetimiza miaka kumi jukwaani hafukuzwi.

Maana Mwenyekiti na sheria walikuwa chanda na pete. Kazini alikuwa mtunza stoo wa hospitali, na hata daktari bingwa akitaka balbu alijaza fomu, akarudisha ile iliyoungua, akaeleza iliunguaje. Jukwaa lilianza na sheria sita. Sasa zilikuwa sitini na nne. Picha isiyo na tarehe ilifutwa. Msimuliaji asiyetaja saa ya kuondoka alifungiwa wiki nzima.

Basi, siku chache kabla ya tangazo, aliwafuata wanachama kumi na mmoja waliosalia, mmoja mmoja, faraghani. Tutajifanya tunafunga, aliwaambia, tulie kidogo kwa adabu, halafu Jumatatu tuhamie jukwaa jipya. Sabuni asijue.

Alijiandaa kwa ubishi. Wote walikubali siku hiyo hiyo.

"Wazo zuri mno," alijibu Bi Pasi, mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka hakuwahi kukubaliana naye hata kuhusu siku ya wiki. "Na sheria zote zitahamia?"

"Zote. Nimeongeza tisa."

"Hapo umemaliza kazi," akaandika Bi Pasi.

Mke wa Mwenyekiti, muuguzi, alikuwa anapiga pasi sare yake pale sebuleni. Alipoelezwa mpango aliisimamisha pasi.

"Yaani watu kumi na wawili wanamkimbia mmoja?"

"Ndiyo."

"Baba watoto, watu hawahami nyumba kwa sababu ya mende mmoja."

"Wewe humjui mende huyu."

Msiba ulifana. Waombolezaji walimiminika kabla tangazo halijapoa. "Mwenyekiti, hatutakusahau," aliandika mmoja. "Kiongozi kama wewe hatutampata tena, tumehakikisha," aliandika mwingine. Bi Pasi aliweka picha ya leso.

"Sikiliza wanavyoigiza!" Mwenyekiti alimsomea mkewe huku akipangusa miwani. "Hata mimi machozi yananilengalenga, na mchezo nimeutunga mwenyewe."

Jumapili mchana ilifika zamu ya Sabuni. Mwenyekiti alikaa mkao wa kula, akisubiri picha mia. Ulikuja ujumbe mfupi, hauna picha hata moja.

"Mwaka wa nane huu namuuguza mama. Sijafika popote kupita duka la dawa. Sabuni zote ni za safari za zamani, nilizitunza kwenye kopo. Nyinyi ndio mlikuwa mnanitoa nje. Mwenyekiti, uliniandikia maonyo arobaini. Kuna siku hakuna mtu mwingine aliyenisemesha. Asante."

Mwenyekiti aliusoma tena ule ujumbe. Akaenda jikoni, akanywa maji bila kiu. Aliporudi alimwandikia Bi Pasi: "Vipi, tumchukue na huyu?"

"Mwenyekiti, wala usihangaike," alijibiwa. "Kila kitu kimeshapangwa."

Akajua amekataliwa. Akaufanya moyo jiwe, ingawa usiku ule mkewe alimsikia akijigeuzageuza kama chapati.

Jumatatu alfajiri aliizima Kiguu na Njia kwa kidole kimoja. Saa mbili, katikati ya maboksi ya glavu na mipini ya fagio, alifungua jukwaa jipya, sheria sabini na tatu zimebandikwa mlangoni. "Karibuni nyumbani," aliandika, akawatumia wote kumi na mmoja anwani.

Saa tatu hakukuwa na mtu. Saa nne alisahihisha kosa dogo kwenye sheria ya thelathini. Saa tano daktari alikuja kuomba balbu, akapewa mbili bila fomu, akaondoka mbio kabla mtunza stoo hajazinduka. Mwenyekiti aliikagua ile anwani herufi kwa herufi. Ilikuwa sahihi.

Saa sita simu ilitetemeka juu ya meza. Hakuwa Bi Pasi. Alikuwa Sabuni.

"Mwenyekiti, moyo umenikatalia kunyamaza. Jana jioni Bi Pasi alinialika kwenye jukwaa lao jipya, na wote kumi na mmoja wapo, wamenipokea kwa vifijo. Huku sheria ni moja tu, kwamba wewe usijue; lakini mimi na sheria, unatufahamu."