Farasi wa Mwalimu

"Shika shingo ya farasi, Hilaria!" nilimpigia kelele binti yangu.

"Sishiki, baba! Nitanata!"

Mwaka sitini na tano, mashua iliyotubeba sisi na farasi wa mwalimu Mskoti ilipinduka ziwani, karibu na Lituhi. Mkicheka shauri yenu, farasi alikuwepo. Mimi, Mmatengo wa milimani nisiyejua kuogelea, nilining'inia kwenye manyoya ya shingo yake, naye akizunguka kwa woga. Hilaria alikuwa pima moja kando, amekumbatia debe linaloingia maji.

Tatizo lilikuwa hadithi ya mwalimu yule yule. Aliwaambia akina Hilaria darasani kwamba kwao farasi wa majini ni mauti: ukimgusa, mkono unanata, anakwenda nawe chini.

"Mbona mimi nimemshika na sijanata?"

Akautazama mkono wangu. Vidole vilikuwa vimekakamaa kama mizizi ya mbuni.

"Umenata, baba. Achia nione."

Debe likakoroma, likainama.

"Nikiachia, utashika?"

"Nitashika."

Nikafumbua vidole, kimoja kimoja, nikainua mikono yote miwili juu.