Nimeshafika Tunduma

Siku ya kwanza ya mafunzo ya udereva wa malori, tulinyang'anywa simu. Barabarani dereva hapigi simu nyumbani. Mashine ya kampuni humpigia mkewe badala yake, kwa sauti yake iliyorekodiwa. Tukaapishwa tusiwaambie wake zetu, kisha nikarekodi: "Nimeshafika Tunduma, mama watoto. Niwekee chakula."

"Itampigia hadi lini?" nikamuuliza mwalimu wetu, Bi Tabu.

"Hadi urudi."

"Na nisiporudi?"

Akainamia karatasi zake. "Hadi urudi, mwanangu."

Baba naye ni dereva wa kampuni hii. Mwaka wa saba huu yuko safarini. Kila jioni humpigia mama kumwambia kwamba ameshafika Tunduma, na mama haruhusu mtu aguse ugali uliofunikwa mezani.